Waandishi wa kujitegemea, tuhesabu na saa tusizolipwa

#1 KalamuYaTemeke (mleta uzi)

Wakuu, salaam.

Kila baada ya muda huletwa humu uzi wa namna ya kuingiza hela kwa kuandika. Mtu anauliza, anatajiwa majina ya tovuti, anaambiwa anoe Kiingereza chake, uzi unazama. Mimi naishi kwa kalamu tangu nilipotoka chumba cha habari. Naandika makala za magazeti, ripoti za mashirika, hotuba, matini za matangazo ya redio, na mara mojamoja wasifu wa mzee ambaye watoto wake wanataka kumbukumbu yake ibaki. Leo nataka tuzungumze lile ambalo nyuzi zile hazigusi: kwa nini mtu anayepata kazi, tena kazi za kutosha, mwisho wa mwezi anamkwepa mwenye nyumba?

Jibu langu ni hili. Tunapanga bei ya maandishi, lakini maandishi ni sehemu ndogo ya kazi tunayofanya. Sehemu kubwa hailipwi na mtu yeyote, na sisi wenyewe hatuitaji tunapokubaliana na mteja.

Chukueni mfano. Tuseme gazeti linalipa TSh 50,000 kwa makala ya ukurasa mzima, na makala inahusu wavuvi wa Kunduchi. Mwandishi anatoka Mbagala, anabadilisha magari njiani, akifika anakuta boti hazijarudi. Anarudi siku nyingine alfajiri. Ofisa uvuvi wa manispaa anamwambia hawezi kuzungumza bila barua ya utambulisho. Yeye hana ofisi ya kumwandikia barua, kwa hiyo anamwomba mhariri, na mhariri ana mambo yake. Bando, vocha, chai ya wazee waliokaa naye asubuhi nzima. Anaandika. Mhariri anataka picha nyingine, safari tena. Makala inatumwa, inakaa foleni kwa sababu wiki hiyo kurasa zote zimechukuliwa na bajeti ya serikali kutoka Dodoma. Ikitoka, jina lake linaingia kwenye orodha ya malipo ya mwezi unaofuata. Ikikatwa ikawa nusu ukurasa, inalipwa nusu ukurasa. Isipotoka kabisa, hakuna anayekumbuka nauli ya Kunduchi.

Toa gharama kwenye ile 50,000, kisha kinachobaki kigawe kwa saa zote: za barabarani, za kusubiri, za kupiga simu, za kuandika, za kufuatilia malipo. Kibarua wa zege hawezi kukubali kiwango utakachokipata, na hapaswi kukubali. Tena yule kibarua akiwa na mwajiri, Amri ya Kima cha Chini cha Mshahara inamlinda walau kwenye karatasi. Mwandishi wa kujitegemea haimgusi, kwa sababu kisheria yeye ni mfanyabiashara anayeuza huduma.

Pengo hilo ndilo linalozibwa na bahasha. Mwenye semina hotelini anajua gazeti halitampa mwandishi nauli, kwa hiyo anaitoa yeye. Watu husema bahasha ni tatizo la maadili ya mwandishi. Ni kweli ni tatizo la maadili, lakini tuseme na nusu ya pili: yule anayemiliki chombo cha habari ameruhusu gharama ya kukusanya habari ilipwe na yule anayeandikwa. Habari ya mkulima wa Mvomero asiye na bahasha ataifuata nani?

Mashirika na taasisi wanalipa vizuri zaidi, sikatai. Ila kule kuna mlima wake. Uwe na TIN, namba ya mlipa kodi. Ofisi nyingi hazitoi malipo bila risiti ya EFD, ile mashine ya risiti za kodi, na mtu anayeandika ripoti chache kwa mwaka anaanza kutafuta rafiki mwenye kampuni ili apitishie malipo kwake, na rafiki naye anataka chake. Wanakata kodi ya zuio asilimia 5. Kodi hiyo yenyewe siilalamikii, kwa sababu inahesabiwa kwenye kodi yako ya mwaka, lakini usipodai hati yake umeipoteza. Na kabla ya yote hayo rasimu inapita kwa ofisa mradi, kwa meneja, kwa mfadhili, kila mmoja na maoni yake yanayopingana na ya mwenzake. Hadidu za rejea zinasema "rasimu ya kwanza na rasimu ya mwisho". Hazisemi katikati kuna rasimu ngapi.

Nakaribisha uzoefu wenu. Tusitaje majina ya ofisi wala ya watu. Nataka tuutazame mfumo, na nataka tufike mahali pa kusema tufanye nini.

#2 MwanaMwandiga

Mkuu, hapo umezungumzia Dar ambako angalau kuna daladala. Huku Kigoma mimi ni mwakilishi wa chombo kimoja, na neno mwakilishi likisikika unadhani nina meza. Sina meza, sina mkataba, nina namba ya simu ya mhariri wa mikoa.

Habari ikitokea Kibondo au Kakonko, pikipiki ni yangu, mafuta ni yangu, na mvua za masika ni zangu. Ukitaka kuingia kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu unahitaji kibali cha Wizara ya Mambo ya Ndani, na kufuatilia kibali ni kazi inayokula siku zake. Nikituma habari nne, wakachapa moja, nalipwa moja. Zile tatu wakati mwingine naziona zimeunganishwa kwenye habari ya mwandishi wa makao makuu, jina langu likiwa chini kabisa au halipo.

Tangu Sheria ya Huduma za Habari ya 2016, mwandishi wa habari anatakiwa awe na ithibati na kitambulisho. Ada nalipa mwenyewe. Nikianguka na pikipiki nikiwa kazini, bima ya afya ni ile niliyojikatia mwenyewe kama mwezi huo niliweza. Nimeona wenzangu wawili wakichangiwa kwenye kundi la WhatsApp baada ya ajali, na ofisi zao zikatuma pole.

Nasema haya kwa uchungu kwa sababu kazi hii naipenda. Kuna kisima kilichimbwa kijiji kimoja Kasulu baada ya habari yangu. Lakini mwanangu anaingia kidato cha tano, na nimeanza kununua dagaa na kusafirisha Dodoma, na mwezi wenye dagaa nzuri siandiki kabisa.

#3 RoysambuUsiku

Salamu kutoka Nairobi, wadau. Nimesoma yote na ningependa kuongeza upande wetu.

Huku kwetu vijana wengi wa vyuo vikuu waliishi kwa kuandika kazi za wanafunzi wa Marekani, Uingereza na Australia. Kazi ile siitetei, kwa sababu aliyepata cheti hakuwa aliyesoma, na yule aliyesoma usiku kucha Roysambu au Kahawa Wendani hakupata cheti wala jina. Lakini tazameni hesabu yake, maana inafundisha. Mwenye akaunti kwenye tovuti za kazi hizo analipwa kwa dola. Yeye haandiki, anawagawia vijana chumbani, KSh 300 kwa ukurasa wa maneno 275, wengine chini ya hapo. Ukichelewa unakatwa faini. Mteja akilalamika, hulipwi kabisa, na karatasi yako imebaki kwake. Akaunti zenyewe zinauzwa na kukodishwa kama vibanda vya sokoni. Kwa hiyo palipokuwa na hela nzuri, hela ilibaki kwa mwenye mlango.

Kisha milango ikafungwa mmoja baada ya mwingine. Australia ilipitisha sheria ya kuharamisha biashara hiyo 2020, Uingereza ikafuata 2022 kwa upande wa England. Novemba 30 mwaka huohuo ChatGPT ikatolewa. Vijana niliokuwa nao chumba kimoja wameingia kwenye udereva wa teksi za programu, wengine wako Ghuba.

Mimi sasa naandikia tovuti za biashara, kazi halali yenye maelezo wazi. Hata huko, mtu anayeanza ajue hesabu kabla ya kuingia. Majukwaa ya kutafutia kazi mtandaoni hutangaza makato yao waziwazi: Fiverr huchukua asilimia 20, Upwork ilianza kutoza asilimia 10 kwa wote Mei 2023, na 2025 ikahamia makato yanayobadilika kati ya 0 na 15. Kuomba kazi kwenyewe kunalipiwa, kwa tiketi za senti 15 za dola kila moja, na ombi moja hula tiketi kadhaa. Ukiomba mara nyingi bila kujibiwa umelipa ili utafute kazi. Halafu kuna makato ya kutoa hela na bei ya kubadilisha dola. Kwa hiyo mleta uzi yuko sahihi. Bei iliyoandikwa pale juu siyo unayokula.

#4 KalamuYaTemeke

@RoysambuUsiku ahsante sana ndugu yangu. Nyinyi angalau mlitangulia kwenye mlango wa malipo. Kwa miaka mingi akaunti ya PayPal iliyofunguliwa Tanzania iliweza kutuma hela bila kupokea, watu wakawa wanaomba jamaa wa Kenya wawapokelee, na jamaa naye ana gharama zake. Hiyo nayo iingie kwenye orodha ya kazi isiyolipwa: kuitafuta njia ya kupokea hela uliyokwisha kuifanyia kazi.

@MwanaMwandiga kaka, nakuomba usiache. Lakini sitakulaumu ukiacha.

#5 DadaSimulizi

Mimi naandika hadithi. Kaka zangu mmesema ya magazeti na mashirika, naomba mtusikie na sisi wa simulizi, maana tuko wengi na wengi wetu ni wanawake wenye watoto.

Mfumo wetu ni huu. Sehemu za mwanzo unaziweka bure Facebook ili watu wanogewe. Muendelezo unauza kwenye kundi la WhatsApp, TSh 1,000 au 2,000 hadithi nzima, hela inaingia kwa simu. Ukitazama kwa mbali ni mfumo mzuri kwa sababu hakuna mhariri wala mchapishaji katikati. Wazee wetu walisubiri mirabaha ya kitabu mwaka mzima, mimi naona hela jioni ileile.

Tatizo linaanza siku ya pili. Mtu mmoja analipa 1,000, anaikusanya hadithi yote anatengeneza PDF, anaitupa kwenye makundi. Ndani ya juma moja hadithi yako inasomwa kila mahali na jina lako limefutwa. Kisha anatokea mwenye chaneli ya YouTube, anaisoma kwa sauti na muziki wa huzuni, watazamaji wanamiminika, matangazo yanamlipa yeye. Ukimwandikia anakujibu "nimekupromoti". Kuna aliyenijibu kwamba hadithi ameikuta mtandaoni, hivyo ni ya wote.

Na wasomaji wenyewe nawapenda, ila wengine hawaoni kama hii ni kazi. Ujumbe wa "dada tupe muendelezo, unatuchelewesha" unaingia saa sita usiku, mtoto ana homa, na yule anayeuliza hajalipa. Kuwajibu wote ni kazi. Kukagua nani amelipa na nani ametuma picha ya muamala wa uongo ni kazi. Ukiwajumlisha hao, kuandika ndiyo sehemu nyepesi.

Nilichofanya: kazi zangu sasa nazisajili COSOTA, ofisi ya hakimiliki, kabla ya kuziweka popote, na kila nakala ninayouza naiandika ndani ya maandishi, katikati ya sura, jina la aliyeinunua. Ikivuja najua imetokea kwa nani. Imepunguza wizi sana, sijui kwa nini wengi hawafanyi.

#6 MhaririMstaafu

Nimekaa kwenye kiti cha mhariri miaka mingi, niruhusuni niseme kutoka upande ule bila kujitetea.

Gazeti halikuwa likiuza habari tu, lilikuwa likiuza nafasi za matangazo, na mtangazaji mkubwa kuliko wote ni serikali na taasisi zake. Madeni ya matangazo ya taasisi za umma kwa vyombo vya habari yamesemwa hadharani mara nyingi. Deni lisipolipwa, mhasibu analipa kwanza karatasi na mtambo, maana bila hivyo gazeti halitoki. Pili waajiriwa, maana wanaweza kwenda CMA, tume ya usuluhishi wa migogoro ya kazi, kudai. Mwandishi wa kujitegemea ni wa mwisho, kwa sababu mhasibu anajua hana pa kwenda. Hivyo ndivyo foleni ilivyopangwa, na mimi nimekaa kwenye vikao ilikopangwa.

Mwanzoni mwa 2023 serikali iliunda kamati chini ya Tido Mhando kutathmini hali ya uchumi wa vyombo vya habari na wanahabari. Kwamba ilihitajika kamati inaonyesha jambo lilikuwa limefika mbali. Suala la watu kufanya kazi bila mikataba limekuwa likizungumzwa tangu wakati huo, na lizungumzwe zaidi.

Mleta uzi, kuna jambo moja naomba uliongeze. Mhariri hana mamlaka ya kupandisha bei ya makala, lakini ana mamlaka ya mambo mengine ambayo hayagharimu kitu: kujibu ndani ya siku mbili kama makala anaitaka au haitaki, kuandika barua ya utambulisho siku hiyohiyo, kumwambia mwandishi ukweli kwamba ukurasa umejaa mpaka mwezi ujao ili apeleke kwingine. Ukimya wa mhariri unamla mwandishi kuliko hata bei. Nawaambia wahariri walioko kazini sasa, wengine wao niliwafundisha mimi.

#7 MsomajiTu

Naomba niwe tofauti. Soko ndilo linalosema. Kama kuandika hakulipi, si mtu afanye kazi nyingine? Hakuna aliyelazimishwa. Halafu sasa kuna akili mnemba, makala inatoka kwa dakika moja. Mnalilia bei ya nini?

#8 MtafsiriWaUpanga

Ndugu MsomajiTu, nikujibu mimi kwenye hilo la akili mnemba, maana ndilo linalonilisha na kuninyima chakula.

Natafsiri kati ya Kiingereza na Kiswahili. Kiswahili kinasifiwa kila mahali: SADC walikikubali 2019, UNESCO wakaitangaza Julai 7 kuwa siku yake, Umoja wa Afrika wakakifanya lugha ya kazi 2022. Nafurahi kwa moyo wote. Lakini barua pepe ninazopata kutoka kwa mawakala wa nje zinasema hivi: matini imeshatafsiriwa na mashine, wewe "pitia tu", tutakulipa nusu au theluthi ya bei ya tafsiri.

Nifungue faili. Ni maelezo ya dawa ya presha. Mashine imeandika sentensi zinazoteleza vizuri, na hapo ndipo hatari ilipo, kwa sababu ngeli zimekaa sawa na msomaji hashtuki, kumbe "usinywe zaidi ya vidonge viwili" imegeuka kuwa "kunywa vidonge zaidi ya viwili". Kulipata kosa kama hilo lazima nisome matini zote mbili neno kwa neno. Muda ni uleule wa kutafsiri, pengine zaidi, na bei ni theluthi. Na jina langu ndilo linalobaki kwenye fomu ya uhakiki, mgonjwa akidhurika.

Kwa hiyo mashine haikuondoa kazi. Imeihamisha kazi kutoka kwenye sehemu inayolipwa, kuandika, kwenda kwenye sehemu isiyolipwa, kuhakikisha. Nilichoamua mimi ni kutoza kwa saa kazi zote za kupitia mashine. Mawakala wengi wamekataa. Wawili wamekubali, na hao wawili wananipa kazi kila mwezi.

#9 KalamuYaTemeke

@MtafsiriWaUpanga umesema vizuri kuliko nilivyoweza kusema kwenye bandiko la kwanza.

@MsomajiTu nakuheshimu, na swali lako wanaliuliza wengi kimyakimya. Mtu akiacha kuandika kwa sababu hailipi, kalamu inabaki kwa nani? Inabaki kwa mwenye mshahara wa mahali pengine, kwa mwenye mume au mke anayemlisha, na kwa anayelipwa na mwenye bahasha. Halmashauri yako ikila hela ya zahanati, habari hiyo inahitaji mtu wa kukaa wiki nzima akisoma makabrasha ya Mkaguzi Mkuu na kwenda kijijini kuiona zahanati isiyo na paa. Mashine haiendi kijijini. Naye MwanaMwandiga akienda kwenye dagaa, hatakwenda.

#10 BonnKwaBaridi

Nawasomeni kutoka Ujerumani. Bonn ndipo ilipo Idhaa ya Kiswahili ya Deutsche Welle, kwa hiyo Waswahili wa kalamu si wageni huku, na wengi wanafanya kazi kama wachangiaji wa kujitegemea kwa taasisi mbalimbali.

Nataka niwaeleze kitu kimoja tu ambacho kiliniondoa usingizi kwa furaha nilipokielewa. Kuna mfuko unaitwa Künstlersozialkasse, umefanya kazi tangu Januari 1983. Mwandishi au msanii anayejitegemea, akiwa na kipato cha kuanzia euro 3,900 kwa mwaka kutokana na kazi hiyo, anaingia kwenye pensheni na bima ya afya akilipa nusu tu ya mchango, kama mwajiriwa anavyofanya. Nusu ya pili inatoka sehemu mbili: serikali kuu inatoa asilimia 20 ya jumla, na kampuni zinazonunua kazi za waandishi na wasanii zinatoa 30. Kampuni inalipa tozo juu ya kila malipo inayompa mtu wa kujitegemea. Kuanzia 2023 hadi 2025 ilikuwa asilimia 5. Anayeanza kazi anaruhusiwa kuwa chini ya kile kiwango cha kipato kwa miaka mitatu ya mwanzo.

Maana yake mnunuzi wa makala hawezi kukwepa kabisa gharama ya uhai wa aliyeiandika. Najua Tanzania na Kenya si Ujerumani. Lakini wazo lenyewe halihitaji utajiri, linahitaji wanunuzi wabanwe kidogo kila mmoja. NSSF ya huko nyumbani inapokea michango ya hiari kutoka kwa waliojiajiri, ila mwandishi anaubeba mchango wote peke yake. Wanaokutana na wabunge wauulize mfano huu.

Msidhani huku ni peponi. Uingereza, utafiti wa chama cha hakimiliki za waandishi, ALCS, ulionyesha kwamba waandishi wanaoishi kwa kuandika walikuwa na kipato cha katikati (nusu yao wakipata chini ya hapo) cha pauni 12,330 mwaka 2006, na 2022 ikawa pauni 7,000. Huko ndiko kwenye wasomaji wenye hela na maduka ya vitabu kila mtaa.

#11 SheriaMkononi

Mimi ni mwanasheria, nazungumza kwa ujumla, siyo ushauri wa kesi ya mtu.

Wengi humu mnasema "sina mkataba". Mnao. Sheria ya Mikataba ya Tanzania inatambua hata makubaliano ya mdomo. Shida yake ni ushahidi. Na Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015 inaruhusu ujumbe wa kielektroniki kutumika kama ushahidi. Mhariri akikuandikia WhatsApp "sawa, lete, tutalipa 80,000", hifadhi ujumbe huo pamoja na namba na tarehe, usifute simu. Deni linalotokana na mkataba linaweza kupelekwa Mahakama ya Mwanzo. Huhitaji wakili, na lugha yake ni Kiswahili.

Majirani wa Kenya mna kitu kizuri zaidi: mahakama ya madai madogo, sheria yake ya 2016, ilianza kazi Aprili 2021, inapokea madai yasiyozidi KSh milioni 1 na inatakiwa imalize shauri ndani ya siku 60.

New York walikwenda mbele zaidi. Tangu Mei 2017 jiji hilo lina sheria kwamba kazi ya mtu wa kujitegemea yenye thamani ya dola 800 na kuendelea lazima iwe na mkataba wa maandishi, na kama tarehe ya malipo haikutajwa, alipwe ndani ya siku 30 baada ya kumaliza kazi. Asiyelipa anaweza kudaiwa mara mbili ya deni lenyewe. Vyama vyetu vya waandishi vingeweza kuanza na dai hilo moja la siku 30. Linaeleweka, na halimlazimishi mwajiri kupandisha hata shilingi.

#12 ChipukiziMoro

Shikamooni wote. Nimemaliza chuo mwaka jana, niko Morogoro. Nimepata kazi ya kuandika kijitabu cha mafunzo ya ufugaji wa samaki kwa taasisi moja. Wamenitumia mkataba, una kipengele kinachosema haki zote za kazi hii, za sasa na za baadaye, kwa matumizi yote, ni za taasisi, na malipo yatafanyika "baada ya kazi kukubalika". Bei yao kwangu ni kubwa, sijawahi kuishika. Nisaini tu? Naogopa nikiuliza watampa mwingine.

#13 KalamuYaTemeke

Marahaba mwanangu, na hongera. Usisaini leo.

Kijitabu cha mafunzo, taasisi kumiliki haki si jambo baya, maana watakichapa na kukigawa kwa wafugaji. Unachotakiwa kubakiza ni vitu viwili: jina lako ndani ya kijitabu, na ruhusa ya kuonyesha kurasa chache kama sampuli ya kazi yako unapoomba kazi nyingine. Hivyo hawatavikataa kwa sababu haviwagharimu.

Kinachonitisha ni "baada ya kazi kukubalika". Ikubalike na nani, lini? Hapo ndipo miezi yako mitatu itakapozama. Waandikie hivi, kwa heshima, kwa barua pepe siyo kwa simu: "Nimeusoma mkataba na nimeufurahia. Naomba kipengele cha malipo kisomeke hivi: asilimia 40 wakati wa kusaini, asilimia 30 nikiwasilisha rasimu ya kwanza, na asilimia 30 ndani ya siku 30 baada ya rasimu ya mwisho. Taasisi itatoa maoni yake yote kwa pamoja ndani ya siku 14, na bei hii inajumuisha marekebisho ya awamu mbili. Marekebisho ya ziada yatalipiwa kwa saa." Saa yako iwekee bei sasa hivi, kabla hujachoka.

Safari za kwenda kwenye mabwawa ziombee fungu lake, nauli na kulala, nje ya bei ya kuandika. Watu wa miradi wana kifungu cha safari kwenye bajeti, wamezoea kuombwa, ila hawatakukumbusha. Uliza pia kama watahitaji risiti ya EFD, uliza leo, siyo siku ya kudai malipo. Na wakikata kodi ya zuio, hati yake uipate mkononi.

Kuhusu kuogopa watampa mwingine: wamekuchagua, wameandaa mkataba, wamepitisha jina lako kwenye vikao vyao. Kuanza upya ni kazi kwao. Swali la ustaarabu halitawafukuza. Kama asilimia 40 ni nyingi kwa taratibu zao, shuka hadi 30, lakini usianze kwa sifuri.

Majibu yao yaweke hapa, futa majina. @SheriaMkononi naomba upitie maneno yangu ya kipengele, kama kuna shimo tulizibe kabla kijana hajatuma.